Stanley na Tope la Mkata

Tambarare ya Mkata, ile tunayoikatiza kwa basi pale Mikumi, Henry Morton Stanley aliivuka kwa mguu mwaka 1871 kuelekea upande wa Kilosa, masika yamekolea, akimtafuta Livingstone. Alizaliwa Wales 1841, akalelewa nyumba ya maskini, akahamia New Orleans na kupigania majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa. Alipotekwa, akageukia upande wa pili!

Kitabu chake cha 1872 ni kitamu, sikatai. Ila hapo Mkata anasimulia bila aibu alivyowachapa watu kwa mjeledi wa mbwa, eti wavivu. Wavivu gani, na mizigo ya nguo, shanga na waya waliitoa Bagamoyo? Bombay na Mabruki kawataja. Wapagazi wengi hawana hata jina. Yeye alifia London 1904.