Richard Stevens: Mzaliwa wa Luanshya aliyechunguza foleni za seva

Kwenye njia panda ya Kisian, pale barabara ya Bondo inapoachana na ile ya kutoka Kisumu kwenda Busia, abiria wakizidi viti vya matatu husubiri kando ya lami. Seva, yaani kompyuta inayohudumia wateja wa intaneti, nayo ina mahali pa kungojea, ila nafasi zake zina kikomo. Aliyewafafanulia waandishi wa programu kikomo hicho ni mzaliwa wa Afrika.

William Richard Stevens alizaliwa Februari 5, 1951 mjini Luanshya, katika ukanda wa shaba wa nchi ambayo sasa ni Zambia. Baba yake alikuwa katika kazi ya shaba, na familia ikahamahama hadi Marekani na Phalaborwa, Afrika Kusini. Alihitimu uhandisi wa vyombo vya anga katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1973, kisha akapata shahada ya uzamifu Arizona mwaka 1982.

Mwaka 1990 alitoa kitabu UNIX Network Programming. Mifano yake ilitumia foleni ya watu 5, kama ilivyokuwa desturi. Namba hiyo ilitoka Berkeley, California, ambako mfumo wa 4.2BSD wa mwaka 1983 haukuruhusu zaidi. Wengi waliinakili bila kuhoji. Tovuti zilipofurika wageni, ikageuka balaa: foleni ikijaa, ombi jipya hupuuzwa kimya, na kompyuta ya mteja hubisha hodi tena baada ya sekunde kadhaa. Mteja naye hudhani mtandao umekatika.

Stevens hakuona haya kurekebisha desturi aliyoifuata mwenyewe. Katika toleo la mwaka 1998 alieleza kuwa foleni ni mbili: ya wale ambao salamu zao na seva hazijakamilika, na ya waliokamilisha wakingoja programu iwapokee. Alipima mifumo mbalimbali akakuta namba ile ile haileti idadi moja ya wanaosubiri. Baadhi huiongeza kimyakimya. Akashauri namba isifungiwe ndani ya programu, bali msimamizi aweze kuibadilisha bila kuiunda programu upya. Ushauri mdogo, lakini umeokoa seva nyingi.

Alifariki Septemba 1, 1999, akiwa na umri wa miaka 48, na mwaka 2000 chama cha USENIX kikamtunukia heshima ya mchango wa maisha. Mfumo wa Linux, uliokuwa na kikomo cha kawaida cha 128, ulikipandisha hadi 4,096 mwaka 2019.