Robert Bosch, mtu aliyeogopa kipimo cha mnunuzi

Gitaza, kwenye barabara ya ziwani kati ya Bujumbura na Rumonge, injini ya zamani ya petroli ikigoma fundi hufungua buji, akaichomeka tena kwenye waya wake, akaigusisha na chuma cha injini mbali na mvuke wa petroli, kisha akavuta kamba. Cheche ya buluu ikiruka, atahamia kwenye mafuta. Isiporuka, anajaribu buji nyingine nzima, halafu waya, ndipo aishuku koili. Mwenye mzigo wa mawese anasubiri pembeni akihesabu saa.

Jina lililoandikwa kwenye buji nyingi ni la mtu. Robert Bosch alizaliwa mwaka 1861 kijijini Albeck, karibu na Ulm, Ujerumani, mtoto wa 11 kati ya 12. Alijifunza ufundi, akafanya kazi Marekani kwa Edison, na mwaka 1886 akafungua karakana Stuttgart. Mwaka uliofuata mteja alimwomba magneto, kifaa kinachozalisha cheche bila betri. Bosch hakukibuni yeye. Alikwenda kukitazama kwa mwenye nacho, akahakikisha hakina hataza, akakiboresha. Wengi sokoni huanza hivyo hivyo, ila wachache huuliza habari ya hataza.

Mtihani ulikuja 1897. Magneto zake zilizoea injini za viwandani zilizozunguka polepole. Sasa alitakiwa kuwasha pikipiki ya magurudumu matatu ya De Dion-Bouton, iliyofikia mizunguko 1,800 kwa dakika. Fundi wake Arnold Zähringer aliisimamisha sehemu nzito, akaacha bomba jepesi la chuma ndilo licheze. Ikawaka. Mwaka 1902 mfanyakazi mwingine, Gottlob Honold, alileta magneto ya volti kubwa pamoja na buji yake.

Bosch hakuvumilia wazo kwamba mtu angepima bidhaa yake akaikuta duni. Mwaka 1906 aliwapa wafanyakazi siku ya kazi ya saa nane.

Vita havikumwacha. Katika Vita Kuu ya Kwanza serikali ya Marekani ilitwaa kampuni yake ya huko, na baadaye bidhaa zake zikashindana sokoni na jina lake mwenyewe. Katika vita ya pili aliwasaidia Wayahudi kuokoka, huku viwanda vyake vikitumia watu waliolazimishwa kufanya kazi. Alifariki Stuttgart Machi 1942. Haki kamili ya jina lake Marekani ilirudi kwa kampuni miongo kadhaa baadaye.