Funzo la Andrew Foster

Mara kwa mara katika safu hii tumezungumza juu ya wajibu wa kiongozi. Leo tumeona vyema kumsimulia msomaji maisha ya mtu mmoja wa mbali, mashuhuri sana kwao, ambaye mafanikio yake na kosa lake yote mawili yanatuhusu. Mtu huyo ni Andrew Foster, aliyejulikana kwa lakabu ya Rube, Mmarekani Mweusi aliyefariki dunia mwaka 1930.

Foster alizaliwa mwaka 1879 katika mji mdogo wa Calvert, jimbo la Texas, miaka 14 tu baada ya utumwa kupigwa marufuku nchini Marekani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa. Mchezo alioupenda ni besiboli, ambamo mchezaji wa upande mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, na wa upande wa pili huupiga kwa gongo kisha akakimbia kuvizunguka vituo vinne. Foster alikuwa mrushaji hodari, na katika miaka ya 1903 na 1904 alizisaidia timu mbili mbalimbali kutwaa ubingwa wa timu za watu weusi.

Tunasema timu za watu weusi kwa sababu wakati huo timu kubwa za Wazungu zilikuwa zimekwisha kuwafungia mlango. Hapakuwa na sheria iliyoandikwa; palikuwa na mapatano ya wenye timu, yaliyokita mizizi tangu miaka ya 1880. Kwa hiyo mchezaji mweusi, hata awe stadi namna gani, alizunguka mji hadi mji akicheza na yeyote aliyepatikana. Aghalabu viwanja vilikuwa mali ya wengine, mawakala wa kupanga michezo walikuwa wengine, na sehemu kubwa ya kiingilio ilikwenda kwa hao wengine.

Mwaka 1910 timu ya Leland Giants ya Chicago, chini ya uongozi wa Foster, ilihesabiwa kuwa imeshinda michezo 123 na kushindwa 6 tu. Hapana shaka huo ulikuwa msimu wa ajabu. Lakini ulipokwisha, Foster aliona kwamba ushindi wote huo haukumfikisha popote. Hapakuwa na ligi ya kuutambua, wala ratiba ya kumlazimisha mpinzani kufika uwanjani. Mwaka 1911 aliunda timu ya Chicago American Giants kwa ubia na mfanyabiashara Mzungu aitwaye John Schorling, wakachezea uwanja uliokuwa umeachwa na timu ya White Sox. Hata hapo, uwanja haukuwa wake.

Mwezi Julai 1919 kijana mmoja mweusi alipigwa mawe akielea ziwani mjini Chicago, akazama na kufa, kwa kuwa alivuka mpaka wa kubuni uliotenga maji ya weusi na ya Wazungu. Fujo zilizofuata ziliua watu 38, na 23 kati yao walikuwa weusi. Miezi michache baadaye, tarehe 13 Februari, 1920, Foster aliwakutanisha wenye timu mjini Kansas City, na ligi ya taifa ya watu weusi ikaundwa ikiwa na timu 8. Mchezo wa kwanza ulichezwa Indianapolis tarehe 2 Mei, na mwisho wa msimu American Giants walitwaa ubingwa, kama walivyoutwaa tena mwaka 1921 na 1922.

Katika kazi hiyo Foster hakujali timu yake peke yake. Alielewa kwamba bingwa asiye na wapinzani imara hana mchezo wa kuuza. Timu iliyoshindwa kulipa mishahara aliikopesha fedha kutoka mfukoni mwake, na Oscar Charleston, mmoja wa wachezaji bora wa zama hizo, alirejea Indianapolis ili timu ya huko ipate nguvu.

Hata hivyo, Foster alikuwa rais wa ligi, mweka hazina, mpanga ratiba, na wakati huo huo mwenye timu iliyoshindania ubingwa. Alichukua asilimia 5 ya mapato ya milangoni kwa kazi yake ya kupanga michezo. Wenzake walinung'unika kwamba ratiba iliipendelea Chicago. Sisi hatumshutumu kwa wizi. Tunasema tu kwamba mizigo yote hiyo haikustahili kubebwa na mtu mmoja. Mwaka 1926 akili yake ilivurugika, akapelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Kankakee, na humo alikaa hadi alipofariki tarehe 9 Desemba, 1930. Maelfu walijitokeza kumzika. Mwaka uliofuata ligi yake nayo ikafa.

Jambo la kuzingatia ni hili. Timu yake haikufa pamoja naye. American Giants walikuwa bingwa tena mwaka 1926 na 1927, kwa sababu ndani ya timu Foster alikuwa amemfundisha Dave Malarcher namna ya kuongoza, na Malarcher akashika usukani. Katika ligi hakumfundisha mtu. Vitabu vya hesabu, mapatano na ratiba vilikuwa mikononi mwake, na mikono hiyo ilipodhoofika hapakuwa na wa kupokea.

Mbegu aliyoipanda haikupotea. Ligi nyingine ziliundwa baada yake, na kutoka humo alitokea Jackie Robinson, aliyeuvunja ule mpaka wa rangi mwaka 1947. Mwaka 1981 jina la Foster liliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo, na mwaka 2020 wakuu wa besiboli walikiri kwamba ligi yake ilikuwa ligi kubwa sawa na zile zilizowafungia weusi mlango.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa timu zetu, na maofisa wa serikali katika afisi zao, wajiulize leo kabla ya kesho: nikiugua, nani anajua faili liko wapi? Ikiwa jawabu ni hakuna, basi kazi hiyo haijawa ya umma bado. Chombo kisafiricho kwa nahodha mmoja asiyemfundisha mwingine usukani kiko hatarini, hata bahari iwe shwari.