Gentile Bellini, Mchoraji wa Venezia Mbele ya Sultani

National Gallery ya London inayo picha ya mtu wa makamo aliyevaa kilemba cheupe kikubwa na joho lenye manyoya shingoni. Pua yake ni ndefu na imepinda kama mdomo wa tai, ndevu zimechongoka, macho yanaonekana kuchoka. Chini ya picha imeandikwa tarehe: 25 Novemba 1480. Mtu huyo ni Sultani Mehmed wa Pili, yule aliyeiteka Konstantinopoli mwaka 1453 na kuligeuza kanisa la Hekima Takatifu kuwa msikiti. Aliyemchora ni Mkatoliki wa Venezia, Gentile Bellini. Miezi mitatu tu kabla ya tarehe hiyo, askari wa sultani huyohuyo walikuwa wamewakata vichwa Wakristo wapatao 800 katika mji wa Otranto, kusini mwa Italia, ambao leo Kanisa linawaheshimu kama watakatifu mashahidi.

Mambo hayo mawili, picha ya kifalme na damu ya mashahidi, ni ya mwaka mmoja na ya mtawala mmoja. Ndiyo maana tumeona maisha ya mchoraji huyu yanafaa kusomwa polepole.

Gentile alizaliwa Venezia yapata mwaka 1429. Baba yake, Jacopo Bellini, alikuwa mchoraji, na alimpa mwanawe jina la mwalimu wake, Gentile da Fabriano. Nyumba ile yote ilikuwa karakana. Ndugu yake Giovanni naye alishika brashi, na dada yao Nicolosia aliolewa mwaka 1453 na Andrea Mantegna, mchoraji mwingine mashuhuri. Tuseme ukweli: wajuzi wa leo wengi humweka Giovanni juu ya Gentile, na picha zao zikiwekwa pamoja hatuoni sababu ya kubishana nao. Lakini wakati wao, serikali ya Venezia ilipotaka mtu wa kutumainiwa, ilimwita Gentile. Mwaka 1469 Kaisari Frederick wa Tatu alimpa heshima ya ushujaa, na mwaka 1474 alikabidhiwa kazi ya kutengeneza upya picha kubwa za ukumbi wa Baraza Kuu katika jumba la doge, mtawala wa mji.

Ili kumwelewa, lazima tuuelewe mji wake. Venezia haikuwa na mashamba ya kujitosheleza; imejengwa juu ya maji, ikaishi kwa merikebu. Wafanyabiashara wake walikwenda Aleksandria, Damasko na Konstantinopoli kuchukua pilipili manga, hariri, pamba na mazulia, nao walipeleka nguo za sufu, vioo, sabuni na fedha. Kanisa halikulifurahia jambo hilo daima. Mtaguso wa tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliwakataza Wakristo kuwauzia Waislamu silaha, chuma na mbao za kuundia merikebu. Hata hivyo biashara iliendelea, mara kwa ruhusa, mara kwa mlango wa nyuma.

Alama yake ingali katika ndimi za watu. Waitaliano huita forodha dogana, neno linalotoka katika Kiarabu diwan. Ghala huliita magazzino, kutoka makhazin. Orodha ya ushuru huiita tariffa. Msomaji wa Kiswahili atayatambua majirani zake: diwani, hazina, taarifa. Mizizi ni ileile ya Kiarabu, iliyosafiri kwa bahari mbili tofauti.

Mazulia nayo yana habari yake. National Gallery hiyohiyo inayo picha nyingine ya Gentile, ya Mama Bikira Maria ameketi katika kiti cha enzi akiwa na Mtoto Yesu. Chini ya miguu yake pametandikwa zulia la Kituruki, na ukilitazama vizuri utaona ni msala, zulia la kusalia la Waislamu, lenye mchoro wa mihrabu. Mtindo huo wa mazulia hadi leo huitwa na wataalamu kwa jina la Bellini, kwa sababu ya picha za familia hii. Je, Gentile alikusudia fundisho fulani la dini kwa kuuweka msala pale? Sisi hatufikiri hivyo. Zulia la Mashariki lilikuwa kitu cha thamani kuliko vyote ambacho Mvenezia angeweza kutandika mbele ya mgeni wa heshima, na hakuna mgeni mkubwa kuliko Mama wa Mungu. Alitoa kilicho bora nyumbani mwake, na kilicho bora kilikuwa kimefumwa na mikono ya Waislamu.

Pamoja na biashara hiyo yote, vita vilikuwapo. Kuanzia 1463 Venezia na Waturuki walipigana kwa miaka 16. Venezia ilipoteza Negroponte, kisiwa chake kikubwa katika bahari ya Wagiriki, mwaka 1470. Amani ilipotiwa sahihi Januari 1479, ilikuwa amani ya aliyeshindwa: Venezia iliuachia mji wa Shkodra na kukubali kulipa dukati 10,000 kila mwaka ili merikebu zake zifanye biashara. Miezi michache baadaye ukafika ujumbe wa Sultani Mehmed. Aliomba apelekewe mchoraji mzuri.

Seneti haikuchelewa. Gentile akaachishwa kazi ya ukumbi wa Baraza Kuu, Giovanni akawekwa mahali pake, na mwezi Septemba 1479 mchoraji akapanda merikebu ya serikali pamoja na wasaidizi wake. Alikuwa na umri wa miaka 50 hivi. Hakuwa mmisionari, wala hakujidai kuwa mmoja. Alikuwa zawadi ya kidiplomasia yenye miguu miwili.

Tunajua kiasi fulani cha kazi zake huko kwa msaada wa Giovanni Maria Angiolello, kijana wa Vicenza aliyetekwa Negroponte na kuishi miaka mingi akiwatumikia Waturuki. Ameandika kwamba sultani alipenda picha, alitaka kuuona mji wa Venezia umechorwa, na alimfanya Gentile awachore watu wengi. Gentile alitengeneza pia medali ya shaba yenye uso wa Mehmed upande mmoja na mataji matatu upande wa pili, dalili ya milki alizozikusanya. Mataji hayo yamo pia katika picha ya London, matatu kila upande wa tao la mawe linalouzunguka uso wa sultani.

Kuna hadithi maarufu kwamba Gentile alimwonyesha sultani picha ya kichwa cha Mtakatifu Yohane Mbatizaji, naye sultani, ili kumwonyesha kwamba shingo iliyokatwa haionekani hivyo, akaamuru mtumwa akatwe kichwa papo hapo. Imesimuliwa mara nyingi, hata mimbarani. Iliandikwa na Carlo Ridolfi mwaka 1648, zaidi ya miaka 160 baada ya safari yenyewe, na ina harufu ya hadithi za kutisha zilizopendwa wakati ule kuhusu Waturuki. Tunashauri wahubiri waiache.

Hasa kwa vile haihitajiki. Mambo ya kweli yanatosha kutisha. Mwishoni mwa Julai 1480, Gentile akiwa bado kazini Istanbul, merikebu za sultani chini ya Gedik Ahmed Pasha zilitua karibu na Otranto. Mji ulijitetea siku 15 hivi kisha ukaanguka. Askofu mkuu Stefano Pendinelli, mzee sana, aliuawa katika kanisa kuu lake. Tarehe 14 Agosti wanaume wapatao 800 waliokataa kuikana imani walipelekwa kwenye kilima cha Minerva na kukatwa vichwa, wa kwanza wao Antonio Primaldo. Mifupa yao imehifadhiwa nyuma ya vioo katika kanisa kuu la Otranto, na Baba Mtakatifu Fransisko aliwatangaza watakatifu tarehe 12 Mei 2013.

Venezia haikutuma jeshi. Ilikuwa imefungwa na mkataba wake mpya, na watu wengi wa Italia waliilaumu vikali kwa hilo. Gentile naye alibaki, akaendelea kuchora. Tarehe iliyo chini ya ile picha ndiyo ushahidi wake.

Tukiwa waseminari na waamini, ni rahisi kumhukumu. Hatutaki kufanya hivyo haraka. Mtumishi wa serikali aliyetumwa na Seneti hakuwa huru kufunga mizigo na kuondoka, na kuondoka kwake kungeweza kuwagharimu Wavenezia wote waliokuwa katika bandari za Waturuki. Lakini hatutaki pia kulifunika jambo lenyewe kwa maneno matamu kuhusu urafiki wa tamaduni. Amani iliyomfikisha Gentile Istanbul ndiyo iliyoiweka Venezia pembeni wakati Otranto inachinjwa. Kinachotushangaza ni picha yenyewe. Siku zile huko Italia Mehmed alisemwa kuwa mpinga-Kristo, joka, mnyama wa Ufunuo. Gentile alikaa mbele yake akachora mtu mwenye mashavu yaliyobonyea, mwenye dalili za ugonjwa, tajiri sana na mpweke. Hakumpamba wala hakumfanya shetani. Warekebishaji wa baadaye wameigusa sana picha hiyo, na rangi nyingi tunazoziona si za mkono wa Gentile. Hata hivyo uso ule ungali unaongea.

Mwanzoni mwa 1481 alirudi nyumbani akiwa na cheo cha ushujaa alichopewa na sultani, pamoja na mkufu wa dhahabu. Tarehe 3 Mei mwaka huo Mehmed akafa, na Septemba Otranto ikakombolewa. Mrithi wake, Bayezid wa Pili, hakuwa na upendo kwa picha za watu, na inasemekana zile za baba yake ziliuzwa sokoni. Picha ya London ilinunuliwa Venezia mwaka 1865 na Mwingereza Henry Layard. Lakini mbegu ilikuwa imeshaota. Katika jumba la Topkapi ipo picha ya Mehmed akinusa waridi, ambayo hudhaniwa kuwa ya mchoraji wa Kituruki Sinan Bey au mwanafunzi wake: mkao ni wa Mashariki, lakini uso una kivuli na unene wa kazi ya Kiitaliano.

Gentile aliishi miaka 26 zaidi. Alivichorea vyama vikubwa vya udugu vya walei wa Venezia maandamano na miujiza ya masalia ya Msalaba Mtakatifu. Picha zake za jumba la doge ziliteketea kwa moto mwaka 1577. Kazi yake ya mwisho, aliyoianza 1504 kwa ajili ya chama cha udugu cha Mtakatifu Marko, ipo leo Milano katika jumba la Brera, na ina upana wa zaidi ya mita 7.

Inamwonyesha Marko Mwinjili akihubiri Aleksandria. Wavenezia walijiona watoto wa Marko, kwa kuwa mapokeo yao husema kwamba mwaka 828 wafanyabiashara wawili, Buono na Rustico, waliutorosha mwili wake kutoka Aleksandria wakiuficha chini ya nyama ya nguruwe, ili maofisa wa forodha wa Kiislamu wasithubutu kupekua. Kwa hiyo hata msimamizi wa mji aliletwa na biashara, na biashara yenyewe ilikuwa ya magendo. (Mwaka 1968 Papa Paulo wa Sita alilirudishia Kanisa la Kikopti sehemu ya masalia hayo.)

Gentile hakuchora Aleksandria ya karne ya kwanza. Alichora minara, vilemba vikubwa vya aina aliyoiona Istanbul, wanawake wamejifunika shuka nyeupe wameketi katikati ya uwanja, ngamia, na nyuma kabisa twiga anayetembea taratibu. Marko amesimama juu ya jukwaa dogo kushoto, nyuma yake wakiwa wamejipanga wanachama wa udugu wenyewe, Wavenezia wa mwaka 1500. Hakuna anayekimbia, hakuna upanga uliochomolewa. Watu wale wenye vilemba wanasikiliza, wengine kwa makini, wengine wakitazama kando kama wanavyofanya waamini katika parokia yoyote. Mbele, kwa joho jekundu, amesimama mzee mwenye mkufu wa dhahabu shingoni. Ni Gentile mwenyewe, akiwa amevaa zawadi ya Mehmed miguuni pa Mwinjili.

Hakuimaliza. Februari 1507, akiwa mgonjwa, aliandika wosia na kumwomba Giovanni aikamilishe, na kama malipo amwachie kitabu cha michoro cha baba yao, ambacho Giovanni alikitamani. Siku chache baadaye, tarehe 23 Februari, akafariki na kuzikwa katika kanisa la Watakatifu Yohane na Paulo. Giovanni alikuwa mzee wa zaidi ya miaka 70. Akaimaliza picha, akakichukua kitabu.