Aimé Behaeghe na ndege zilizopita Kindu sandukuni

Siku hizi kuna watu wanaonunua ndege ndogo ikiwa vipande vipande, kisha wanaiunganisha wenyewe nyumbani. Sisi wa Kindu tusidhani kwamba hayo ni mambo ya mbali. Mwaka 1916 ndege nne zilipita katika mji wetu zikiwa ndani ya masanduku, na maisha ya Aimé Behaeghe yameshikamana nazo.

Behaeghe alizaliwa mwaka 1890 huko Kachtem, kijiji cha Flanders Magharibi nchini Ubelgiji. Alijifunza urubani wakati ndege zilikuwa bado za mbao na kitambaa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipofika Ziwa Tanganyika, Wajerumani walikuwa na nguvu kwa meli zao. Iliyokuwa kubwa kuliko zote, Graf von Götzen, nayo ilifika vipande: iliundwa Papenburg, ikafunguliwa, ikasafirishwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikaunganishwa upya Kigoma na kuingia majini mwaka 1915. Ili kuikabili, Wabelgiji waliazima kwa Waingereza ndege nne za majini aina ya Short, zenye viti viwili na mabawa ya mita 16 hivi.

Kazi ilikuwa njia. Kutoka Matadi mzigo ulikwenda kwa reli hadi Léopoldville, kwa mto hadi Stanleyville, kwa reli hadi Ponthierville, kisha kwa mto tena hadi Kindu. Hapa ulipakiwa katika treni ya Kongolo. Kutoka Kongolo ulipanda mashua hadi Kabalo, na mwisho treni nyingine hadi ziwani, karibu na Kalemie ya leo. Katika kila kituo masanduku yalishushwa na kupakiwa upya.

Huko ziwani yalifunguliwa, mabawa yakafungwa, injini zikajaribiwa. Kwa sababu ya mawimbi, ndege zilitafutiwa maji matulivu ya Tungwe. Juni 1916 Behaeghe aliruka hadi Kigoma na kudondosha mabomu bandarini. Huyu ndiye anayehesabiwa kuwa rubani wa kwanza kuruka Afrika ya Kati. Julai Wajerumani waliizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe na kuihama Kigoma. Lakini Desemba mwaka huohuo Behaeghe alifariki kwa ugonjwa huko Niemba, akiwa na miaka 26.

Mimi nasoma isimu, na kinachonishika hapa ni neno moja. Kiswahili hakikungoja neno la Kifaransa. Kiliita chombo hicho ndege, kikatofautisha kwa upatanisho tu: ndege mwenye uhai anaruka, ndege ya injini inaruka. Sarufi yetu inajua kumtenga mwenye uhai na kitu. Historia ya safari hii haikufanya hivyo. Rubani ana jina, kijiji na mwaka wa kuzaliwa. Waliobeba masanduku yake kati ya mashua na treni walihesabiwa pamoja na mzigo.

Ndiyo maana, zamu yangu ya utafiti wa uwandani ikifika, nitaanza na familia za wafanyakazi wa zamani wa reli na bandari hapa Kindu. Nitakusanya maneno yao ya kazi, na kando ya kila neno nitaandika jina la babu aliyelitumia.