Waiyaki wa Hinga: Udugu wa Damu na Mauti ya Kibwezi

Barabara ya Waiyaki jijini Nairobi, inayotoka Westlands na kupita Kangemi, hukanyagwa kila siku na maelfu ya watu ambao aghalabu hawana habari za mwenye jina hilo. Kusini ya barabara hiyo ndiko uliko mtaa wa Kawangware, katika eneo la Dagoretti. Katika eneo hilo hilo la Dagoretti ndiko kilikoanza, mwezi wa Oktoba 1890, kisa cha urafiki, umwagaji damu na msiba kilichomfikisha Waiyaki wa Hinga kwenye mauti yake.

Waiyaki hakuwa mfalme, kwa maana Wakikuyu wa zama hizo hawakuwa na mfalme. Alikuwa muthamaki, yaani msemaji aliyepata heshima kwa busara, mali na ushujaa wake, na makao yake yalikuwa Kabete. Nchi yake ilikuwa na neema ya chakula. Neema hiyo ndiyo iliyowavuta wageni, kwani misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda ilipofika hapo ilikuwa imekwisha akiba, na mbele yake kulikuwa na safari ndefu.

Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, aliwasili Dagoretti akitafuta mahali pa kujenga boma. Yeye na Waiyaki walichanjana wakawa ndugu wa damu. Kwa desturi, kiapo cha namna hiyo kilimfunga kila mmoja asimdhuru mwenziwe wala watu wake. Lugard akajenga boma, akamwachia George Wilson ulinzi, kisha akashika njia ya Uganda.

Hapa ndipo penye kiini cha msiba. Waiyaki aliamini kuwa amefunga udugu na wageni wote. Kwa upande wa Kampuni, kiapo kilikuwa cha mtu mmoja ambaye tayari alikuwa ameondoka. Watu wa misafara walipora mazao mashambani, wakawadhulumu wenyeji, na methali ya mgeni njoo mwenyeji apone ikapinduka. Mnamo 1891, Wilson alilazimika kulihama boma, nao wenyeji wakaliteketeza. Lugard mwenyewe, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1893, aliwalaumu watu wa misafara kwa kuuvunja uhusiano huo.

Kampuni ilirudi mwaka huo huo wa 1891. Meja Eric Smith alijenga boma jipya, Fort Smith, huko Kabete, karibu na makao ya Waiyaki. Tangu hapo pande mbili zikaishi bega kwa bega bila kuaminiana. Mnamo Agosti 1892, baada ya kiongozi mmoja wa wapagazi kuuawa na wenyeji, Kampuni ilituma kikosi cha kuadhibu, naye Waiyaki akashukiwa kuwa ndiye aliyewaonya wahusika. Alipokwenda bomani kuonana na msimamizi wake, Purkiss, maneno yaligeuka ugomvi, na ugomvi ukawa mapambano. Waiyaki alipokonywa sime yake, akajeruhiwa kichwani, akafungwa kwa minyororo. Kisha akaondolewa na msafara uliokuwa ukielekea pwani.

Pwani hakuifikia. Alifia njiani, Kibwezi, mwaka huo wa 1892. Taarifa za Kizungu zinasema kuwa alikufa kutokana na jeraha lake. Masimulizi ya Wakikuyu yanashikilia kuwa alizikwa angali hai, kichwa kikiwa chini. Masimulizi hayo hayakufifia. Katika karne iliyofuata yalikuwa miongoni mwa hoja nzito za waliodai ardhi na uhuru, kwa sababu yalibeba uchungu wa watu walionyimwa hata fursa ya kumzika mzee wao.

Matukio hayo yaliacha alama pande zote za Nairobi. Kinyanjui wa Gathirimu, aliyeshirikiana na Kampuni, alipanda hadi kuwa chifu mkuu wa Wakikuyu wa sehemu hizo, akafariki mwaka 1929. Naye Lugard, katika safari ile ile iliyompitisha Dagoretti, aliwaandikisha mwaka 1891 askari wa Kisudani waliokuwa magharibi ya Ziwa Albert. Wengi wa askari wa asili hiyo na vizazi vyao walikuja kukaa Kibera, wakawa chimbuko la jamii ya Wanubi wa huko.

Kwa wanafunzi wa fasihi, jina la Waiyaki lilizaliwa upya mwaka 1965, Ngũgĩ wa Thiong'o alipompa mhusika mkuu wa riwaya iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Njia Panda. Waiyaki wa riwayani ni kijana anayekua pamoja na marafiki wawili, Kamau na Kinuthia. Utu uzima unapowadia, Kamau anageuka hasimu na Kinuthia anabaki na uaminifu wake, huku Waiyaki akifikishwa mbele ya hukumu ya watu wake mwenyewe.

Waiyaki wa riwayani na Waiyaki wa Dagoretti wanakutana katika jambo moja: kila mmoja alitaka kuwa daraja baina ya pande mbili zisizoaminiana, na kila mmoja aliponzwa na imani aliyoiweka kwa wengine. Mmoja mwandishi alimwacha mikononi mwa baraza, gizani. Mwingine amelala Kibwezi, mbali na Kabete, na barabara yenye jina lake inapita karibu na mahali alipochanjana na mgeni wake.