Ida B. Wells

Ida Bell Wells-Barnett (Holly Springs, Mississippi, 16 Julai 1862 – Chicago, 25 Machi 1931) alikuwa mwandishi wa habari wa Marekani aliyezaliwa mtumwa.

Mwaka 1892 alikuwa mhariri wa gazeti la Free Speech mjini Memphis. Mwaka huo rafiki yake, mwenye duka lililoshindana na duka la Mzungu, aliuawa na genge la Wazungu pamoja na wenzake wawili. Wells akaanza kuchunguza mauaji ya namna hiyo. Magazeti ya Wazungu yalizoea kudai kwamba Weusi waliouawa walikuwa wabakaji. Yeye aligundua kwamba wengi wao hawakutuhumiwa hata kwa kosa hilo. Alipoandika hivyo, ofisi ya gazeti iliharibiwa akiwa safarini, naye akatishiwa kuuawa.

Katika kitabu chake A Red Record (1895) alitumia takwimu za Chicago Tribune, gazeti la Wazungu, ili asidhaniwe kutia chumvi.

Mwaka 2020 alitunukiwa tuzo maalumu ya Pulitzer.